Barua ya Wazi: Zile Kompyuta Kuukuu Msizipige Mnada

Kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia elimu na mafunzo ya ufundi, Serikali ya Kaunti ya Kajiado
Nakala kwa waheshimiwa wa Bunge la Kaunti

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kitengela. Kibanda changu kiko upande wa Noonkopir, na riziki yangu naipata kwa kubadilisha skrini, kibodi na betri za laptopu. Usiwe na wasiwasi, siombi tenda. Ninachoomba ni kwamba kompyuta ambazo ofisi zenu ziko karibu kuziondoa kwenye orodha ya mali, zisiende kwa dalali. Zipelekwe kwenye vyuo vya ufundi na maktaba zilizo chini ya kaunti, ziwekwe mfumo wa Linux, kisha vijana waruhusiwe kuzivuruga mpaka wazielewe.

Ombi hili lina chanzo chake. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Huko ofisini huenda habari hizo zilipita kama waraka mwingine wowote wa idara ya TEHAMA. Huku kwetu zilibisha hodi. Laptopu nyingi zinazouzwa Kitengela ni zile tunazoziita ex-UK: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na Dell Latitude zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, zikaja Nairobi kwa makontena, zikatufikia sisi. Ni mashine imara. Ila Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 inakataliwa hata kama mwenyewe ameiongezea RAM na kuitia diski mpya ya SSD. Mama wa saiba aliyenunua mashine tano za aina hiyo ili watu wajaze KRA na eCitizen anaambiwa mtaji wake umepitwa na wakati, na mashine zenyewe bado zinafanya kazi vizuri kabisa.

Mteja wa namna hiyo akija kwangu, ninampa njia tatu. Anunue nyingine, kama pesa zipo. Aendelee na mfumo usiotiwa viraka tena, au aongeze juu yake ule uliokrekiwa, na virusi vije na wenzao. Au aweke Linux, ambayo haina malipo na itaendesha mashine hiyohiyo kwa miaka kadhaa mbele. Wakisikia bure hawabishani nami sana. Wananiuliza swali moja tu: "Sasa hiyo nitajifunzia wapi, fundi?"

Mheshimiwa, hilo ndilo swali ninalolileta kwako. Jibu la haraka ni kwamba vya kujifunzia vimejaa tele. Mfumo wenyewe unakuja na kitabu chake tumboni. Ukifungua dirisha la amri kwenye Linux ukaandika man cp, unapata maelezo yote ya amri ya kunakili faili, bila bando na bila kumwomba mtu. Ukishasoma unabonyeza q na kutoka. Karibu kila amri ina ukurasa wake. Anayetumia Debian, mojawapo ya aina za Linux, anaweza kuweka kifurushi kinachoitwa debian-handbook, na kitabu kizima cha Raphaël Hertzog na Roland Mas, kinachofundisha kusimamia mfumo huo kuanzia usakinishaji hadi seva, kikakaa ndani ya kompyuta yake. William Shotts ameandika The Linux Command Line, kitabu cha kurasa zaidi ya 500 kinachomshika mkono asiyejua lolote, na nakala yake ya PDF hailipishwi. Linux Professional Institute, wanaotoa vyeti vinavyotambulika duniani, wameachilia masomo ya cheti chao cha mwanzo bila malipo. Kinacholipiwa ni mtihani tu. Linux Foundation nao wana kozi ya utangulizi isiyo na ada. Hakuna fani nyingine ya ufundi ninayoijua ambayo mafundi wake wakubwa wameacha vitabu vyao mezani namna hii. Waulize mafundi wa friji.

Kama ni hivyo, mbona mteja wangu haoni pa kujifunzia?

Nikupe mfano wa kijana mmoja wa Isinya. Alinunua Dell Latitude iliyotumika, akaiwekea Debian mwenyewe, na hilo peke yake linastahili pongezi. Kompyuta ilipowaka, Wi-Fi haikuonekana. Kadi yake ilikuwa ya Broadcom, na draiva yake haimo kwenye hazina ya kawaida ya Debian kwa sababu leseni yake si huria. Maelekezo yote aliyoyasoma kwenye simu yalianza na hatua ileile: unganisha kompyuta na intaneti, kisha pakua draiva. Intaneti ndiyo iliyomshinda, na dawa yake iko kwenye intaneti! Akahangaika nayo, mwisho akaibeba hadi kwangu akitaka nimrudishie Windows.

Sikufungua hata skrubu moja. Nilichukua waya wake wa kuchajia, nikaunganisha simu yake na laptopu, nikaingia kwenye mipangilio ya simu na kuwasha USB tethering. Mara hiyo Debian ikaitambua simu kama waya wa mtandao. Tukaruhusu hazina ya programu zisizo huria, tukaweka kifurushi cha broadcom-sta-dkms, tukazima na kuwasha, Wi-Fi ikatokea. Kijana alinitazama kama nimefanya mazingaombwe. Hakukuwa na mazingaombwe. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye robo saa, aliyekwisha kukwama palepale.

Ndiyo maana naona tatizo letu halifanani na lile linalozungumzwa kwenye hotuba. Hatukosi vitabu. Tunakosa chumba, mashine ambayo ikiharibika hakuna atakayelia, na mtu wa kuuliza. Mtu hajifunzi gereji kwa kukatazwa kugusa injini, na maabara nyingi za kompyuta za umma nilizoziona zimepangwa kwa kukataza kugusa. Kuna moja niliyoingia ambapo sehemu za kuchomeka flashi zilikuwa zimezibwa kwa gundi. Msimamizi alisema ni kwa ajili ya virusi, na simlaumu. Angeulizwa yeye mashine zikiharibika. Lakini Linux inajaribiwa kwanza kwa flashi: unaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta huku ukibonyeza F12 au F9 kulingana na kampuni, unaitumia bila kugusa diski ya ndani, na usipoipenda unachomoa flashi na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Ukiziba tundu la flashi umefunga mlango wa kwanza wa somo lenyewe.

Mlango wa pili ni bando. Faili la kusakinishia Ubuntu, aina nyingine ya Linux, ya kompyuta za mezani, toleo la 24.04, linakaribia gigabaiti 6. La Linux Mint ni karibu nusu ya hapo. Kwa mtu mwenye faiba nyumbani hilo si neno. Kwa anayenunua data ya siku kwa siku kwenye simu, ni hesabu ya kulala nayo, na ikikatika katikati anaanza upya. Zamani kampuni ya Canonical, aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa posta hadi mlangoni pako. Iliacha mwaka 2011, kwa hoja kwamba watu wanaweza kupakua. Wanaweza, ndiyo, inategemea wanakaa wapi. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000. Kijana wa Milimani hapa Kitengela na kijana wa Imaroro au Magadi hawapakui kwa bei moja ya jasho.

Utaniuliza kwa nini nimekuja kwako na sikwenda Nairobi. Nimekuja kwako kwa sababu Katiba imenituma. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linaikabidhi kaunti elimu ya chekechea, polytechnic za vijijini na maktaba. Mtaala wa sekondari si wako, wala Masai Technical Training Institute pale Kajiado mjini si yako. Hizo ni za serikali ya kitaifa, nami sitakubebesha mzigo wa mwenzako. Lakini chumba cha kusomea kilicho karibu na watu, chenye mwalimu wa ufundi anayelipwa na kaunti, hicho ni chako.

Kompyuta nazo zinaweza kuwa zako tayari. Windows 10 iliposimama Oktoba ile, haikuchagua. Kama kuna afisi ya serikali isiyo na mashine zinazokataliwa na Windows 11, ningependa kuiona. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 165, inataja njia za kuondoa mali iliyochakaa au isiyohitajika tena. Mnada umo. Lakini njia iliyotajwa mwanzo ni kuihamishia taasisi nyingine ya umma, iwe kwa malipo au bila malipo. Polytechnic ni taasisi ya umma. Kwenye mnada kompyuta ya kizazi cha 6 itawapa pesa za chai. Kwenye chumba cha chuo itafunza vijana kwa miaka.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hazijatoka ofisini: diski. Faili za wagonjwa, ardhi na mishahara hazipaswi kufika darasani, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hilo si suala la adabu tu. Maafisa wenu wa TEHAMA wazifute diski wenyewe, na programu ya kufanyia kazi hiyo, nwipe, ni ya bure na inaendeshwa kwenye Linux hiyohiyo. Pale diski isipofutika, itolewe ivunjwe, mashine ije bila diski. Sisi tutawasha kwa flashi.

Sasa, wapo watakaokwambia kwamba huu ni mradi wa kigeni usio na mizizi huku kwetu. Si kweli. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa IT+46 kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Hiyo ilikuwa kabla Microsoft haijatuletea Kiswahili kwenye bidhaa zake. Mombasa, shirika la Camara la Ireland, lililoanzishwa 2005, lilileta kompyuta zilizotumika na kuzigawa shuleni zikiwa na Ubuntu. Kwa hiyo mambo haya yamekwisha kujaribiwa kwenye pwani yetu na ng'ambo ya mpaka wa Namanga.

Ila nitasema wazi ninachokiona kwenye historia hiyo. Jambo OpenOffice ilikuwa kazi nzuri iliyobebwa na mradi, na mradi una mwisho. Mwaka 2010 OpenOffice yenyewe ikagawanyika, ikazaliwa LibreOffice, na tafsiri inayotaka kuendelea kuishi lazima iwe na watu wa kuilea toleo baada ya toleo. Tafsiri ya Kiswahili bado imo kwenye LibreOffice, na anayetaka anaweza kuichagua leo hii. Lakini mwanafunzi wa Kitengela anayetaka kitabu cha kumfundisha Linux kwa Kiswahili anachoweza kukielewa hapati cha maana. Hapa kaunti inaweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: walimu wenu wa ufundi, pamoja na wanafunzi wao, waandike kijitabu. Na wawe waangalifu na leseni. Kitabu cha Shotts mnaruhusiwa kukinakili na kukigawa bila biashara, lakini leseni yake haiwaruhusu kugawa tafsiri. Kitabu cha Debian kinaruhusu, mradi tafsiri yenu nayo ibaki huria. Kwa hiyo cha kwanza kichapisheni mkiweke rafuni kwa Kiingereza chake. Cha pili kichukueni sura zinazofaa mzigeuze Kiswahili, muongeze na habari ya Broadcom ya yule kijana wa Isinya.

Mfano wa serikali ya ngazi yenu iliyofanya jambo hili ikafika mbali ni Kerala, jimbo la kusini mwa India. Walianza na mradi wa IT@School mwaka 2001, wakafunza walimu kwanza, wakachapisha vitabu kwa Kimalayalam na kwa Kiingereza, na kufikia mwishoni mwa muongo huo shule za sekondari za umma zilikuwa zikifundishia na kutahinia kwa Linux. Jimbo lile lina watu wengi kuliko sisi mara nyingi sana. Kajiado ilihesabiwa watu 1,117,840 mwaka 2019, kwa hiyo mzigo wetu ni mdogo kuliko wao. Wakubwa wao hawakutumia maajabu. Walimpa mwalimu mashine, kitabu na ruhusa.

Upande wa pili kuna Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 baraza la mji liliamua kuhamisha ofisi zake kwenda Linux, na mwaka 2017 likapiga kura kurudi Windows. Sababu zake zinabishaniwa mpaka leo, na siasa imo. Nimeutaja mji huo makusudi, ili msije mkanielewa kwamba nataka idara ya fedha ya kaunti iamke kesho ikiwa kwenye Ubuntu. Sitaki. Kuhamisha ofisi ni kazi nyingine, na wanaotaka kuiharibu hoja hii wataanzia hapo.

Hoja inayoniumiza kichwa zaidi ni ya wazazi: viwanda vya EPZ pale Athi River, maduka makubwa na ofisi zote zinataka mtu wa Word na Excel, sasa mtoto wangu umfundishe vitu vya bure visivyotakiwa na mtu? Wana haki ya kuuliza. Mtihani wa vitendo wa somo la kompyuta kwenye KCSE, ambayo itafanywa mara ya mwisho 2027, shule nyingi huufanya kwa bidhaa za Microsoft, na aliyejifunza lahajedwali kwenye LibreOffice atahitaji siku kadhaa za kuzoea vitufe vya Excel. Kuna mambo ya Excel, hasa makro, ambayo hayahamiki vizuri. Mzazi anayetaka mtoto awe karani nitamwambia afunzwe zote mbili.

Lakini kuna kazi nyingine ambazo mlango wake ni Linux peke yake au karibu hivyo. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa kila mtu hapa inaendeshwa na kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux. Seva nyingi zinazobeba tovuti nazo ni hivyohivyo. Konza Technopolis, ambayo tunaambiwa ndiyo kesho yetu, imejengwa jirani kabisa na mpaka wa kaunti hii. Vituo vyake vya data vitahitaji mafundi wa zamu ya usiku wanaojua kusoma logi na kurekebisha huduma iliyoanguka. Hao hawatoki kwenye darasa la kuandika barua kwa Word. Itakuwa aibu wasafiri kutoka kwingine, wapite Kitengela wakinunua maji.

Chumba chenyewe si cha gharama. Mashine kumi zinatosha kuanza. Moja kati ya hizo iwekwe apt-cacher-ng, programu inayohifadhi kila kifurushi kinachopakuliwa, ili kikishapakuliwa mara moja zile tisa zikichukue kutoka kwake bila kugusa intaneti tena. Bando la mashine moja linakuwa la darasa zima. Diski ya nje iwe na faili za kusakinishia Mint, Debian na Lubuntu (Linux nyepesi ya mashine dhaifu), yeyote aje na flashi yake anakili aondoke nazo. Kwenye diski hiyohiyo iwekwe Kiwix, programu ya kusomea tovuti nzima bila mtandao: ina Wikipedia ya Kiswahili, ina wiki ya Arch Linux, ina miaka ya maswali na majibu ya Ask Ubuntu. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha ni zaidi kidogo ya gigabaiti 100, na inaenea kwenye diski ya bei ya kawaida. Vitabu viwili vilivyochapishwa vikae mezani, vifungwe kwa mnyororo mkitaka. Na ukutani iandikwe kwamba kompyuta hizi zinaruhusiwa kuharibika. Kijana akifuta mfumo mzima, adhabu yake ni kuuweka upya kabla hajaenda nyumbani.

Mwalimu ndiye gharama ya kweli, na hapo sina njia ya mkato ya kukupa. Mwalimu mmoja wa ufundi apewe saa zake rasmi kwenye ratiba. Asiambiwe ajitolee. Chumba kikiachiwa hisani, mwenye hisani akipata kazi Nairobi kinageuka stoo ya viti vibovu.

Mheshimiwa, najua kalenda yenu. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Wakati wa kukusanya maoni ya wananchi huwa mnakuja mjini mkiuliza tunataka nini, na sisi tunapiga kelele za barabara na maji, kwa haki kabisa. Safari hii nitakuja na karatasi moja yenye ombi hili. Hata hivyo kuna hatua moja isiyosubiri bajeti: kamati yenu ya kuondoa mali itoe orodha ya kompyuta inazokusudia kuziuza mwaka huu wa fedha, na iandike mbele ya kila moja ni ya kizazi gani, ina RAM kiasi gani, na kama inawaka. Orodha hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa afisi ya kaunti ndogo hapa Kitengela, mimi na mafundi wenzangu tutaipitia bila malipo na kuwaambia zipi zitakubali Mint, zipi zinafaa Lubuntu, na zipi kweli ni vyuma chakavu.

Wako mtiifu,
Fundi wa kompyuta, Noonkopir, Kitengela